Kila mtoto awe na kazi yake ndani ya somo

Hotuba kwa wazazi na walimu wa shule ya msingi, Katuba, Lubumbashi, mwanzoni mwa mwaka wa masomo

Jambo yenu, wababa na wamama. Jambo, walimu wenzangu. Bwana Direkta, na ninyi wa komite ya wazazi, aksanti kwa kunialika. Aksanti zaidi kwa wamama mlioacha meza zenu sokoni saa hizi ambazo ndipo wateja wanaanza kuja. Nitajitahidi muda wenu usipotee.

Mmeniomba niseme juu ya watoto wanaochoka na masomo kabla hata ya kufika mwaka wa nne. Malalamiko nayasikia pande zote mbili. Mzazi ananiambia: huyu anatoka nyumbani kila asubuhi na kaye zake, yaani madaftari yake, jioni nikimwuliza amejifunza nini ananijibu "hakuna". Mwalimu naye ananiambia: nasimama mpaka miguu inavimba, nasema mpaka sauti inakauka, na nusu ya darasa macho yako dirishani. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wanaumia.

Mimi nimefundisha tangu mwaka wa kwanza mpaka wa sita, na siku hizi kazi yangu ni kupita madarasani mwa wenzangu. Nikiingia, sikai kwenye kiti cha mgeni kando ya meza ya mwalimu. Naenda benchi la nyuma, nabanana na watoto, natazama ubao kutoka pale. Mwalimu yeyote aliyeko hapa namsihi afanye hivyo hata mara moja katika darasa la mwenzake. Maandishi yanayosomeka vizuri mbele, kule nyuma ni vumbi la chaki tu. Mtoto wa kulia kwangu ananakili kutoka kaye ya jirani, makosa ya jirani yakiwemo. Msichana aliyeko mbele yangu anafumua uzi wa sweta yake. Na chini ya benchi mvulana anatengeneza motokari ya waya: anapinda ekseli, anapima gurudumu la kushoto lilingane na la kulia, anafungua, anaanza upya. Somo zima hakuinua kichwa. Mvulana huyo ndiye ambaye mwalimu wake alikuwa ameniambia kwamba hawezi kutulia.

Kutulia anaweza, tena sana. Ila somo halikumpa kitu cha kutulia nacho. Na hilo ndilo neno nililowaletea leo, mengine yote nitakayosema yanatoka humo: mtoto anayetazama dirishani, mara nyingi mno, ni mtoto ambaye ndani ya somo lile hana kazi. Mwalimu ana kazi, anasema, anaandika, anafuta. Watoto watano wa mbele wana kazi, wanajibu. Wengine wote ni abiria, wanangoja tu kufika.

Tuseme wazi pia hali tunayofanyia kazi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serikali. Ilibidi tungoje mpaka Septemba 2019 ndipo ianze kutekelezwa nchi nzima. Nilifurahi, na bado nafurahi, kwa sababu nimeona watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali, yaani ada ya shule, wakiingia darasani na kubaki. Lakini watoto waliongezeka na vyumba havikuongezeka. Benchi la watu wawili likakaliwa na wanne. Kuna walimu waliofundisha muda mrefu bila kuona mshahara wa serikali, na wapo waliomo humu ndani. Sitamwambia mwalimu wa namna hiyo kwamba shida yake ni ndogo. Madai yake ni ya haki na wazazi wanapaswa kuyasema pamoja naye. Yale ninayoleta mimi nimeyachagua kwa sababu hayangoji barua kutoka Kinshasa, na mengi hayadai faranga hata moja.

Nianze na kibao. Nasema kile kibao kidogo cheusi cha mkononi ambacho wazee wetu walijifunzia kuandika. Walimu mliosoma ualimu mnaujua mtindo wa La Martinière. Ulianzia katika shule yenye jina hilo mjini Lyon, Ufaransa, karne ya 19. Mwalimu anauliza: saba mara nane? Kimya. Hakuna mkono unaoinuliwa, hakuna "mimi, mwalimu! mimi!". Anagonga meza, kila mtoto anaandika. Anagonga tena, vibao vyote vinakwenda juu. Kwa kutupa macho mara moja mwalimu anaona darasa zima: hawa wameandika 56, wale kumi kule pembeni wameandika 54, na huyu hakuandika kitu. Anagonga, vibao vinashuka, jibu linafanyiwa kazi ubaoni, kila mmoja anasahihisha lake. Dakika moja haijaisha, na watoto 80 wamefanya kazi wote, pamoja na yule wa benchi la nyuma. Ukifundisha kwa mikono inayoinuliwa tu, swali hilo lingejibiwa na mtoto mmoja, tena yule yule wa jana, na wewe ungeandika kwenye daftari lako kwamba darasa limeelewa.

Mtindo huu tuliurithi, kisha tukauacha ukalala. Naona tuliuacha kwa sababu ulionekana wa kizamani. Kwangu mimi hakuna kifaa kinacholifaa darasa kubwa la Lubumbashi kuliko kipande kile cha ubao, na mwishoni nitarudi kwenye namna ya kukipata.

Jambo la pili ni kungoja. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi masomo ya sayansi katika shule za msingi, kisha akayasikiliza huku akipima muda. Matokeo aliyoyatoa miaka ya 1970 yaliwashangaza walimu wenyewe: baada ya kuuliza swali, mwalimu alikuwa akingoja kama sekunde 1 tu, ndipo akaita mtoto mwingine au akajibu mwenyewe. Walimu waliojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi walipata majibu marefu, yenye sababu ndani yake, na watoto waliokuwa wakidhaniwa wazito wakaanza kusema. Sekunde 3! Tuzihesabu pamoja sasa hivi, kwa kimya... Mmeona zilivyo ndefu ukiwa umesimama mbele ya watu? Ndiyo maana mwalimu anazikimbia. Na kumbukeni kwamba mtoto wetu ana safari mbili ndani ya kimya hicho. Anasikia swali kwa Kifaransa, analitafutia maana kwa Kiswahili, anapata jibu, analirudisha kwa Kifaransa. Sekunde 1 haimtoshi hata kufika nusu ya njia.

Ukishangoja, waache waongee kwanza wawili wawili. Mwalimu mwingine wa Marekani, Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland, aliupanga utaratibu huo mwaka 1981 kwa hatua tatu: fikiri peke yako, zungumza na mwenzako, kisha sema mbele ya wote. Sisi tunaosema tumebanana sana darasani, benchi la watoto wanne limeshatupa jozi mbili bila kusogeza kitu. Mtoto mwenye aibu ataogopa kusema mbele ya watu 80, lakini jirani yake wa benchi hamwogopi. Akishajaribu jibu lake kwa jirani, mkono wake unapanda. Kelele zitakuwapo. Mwalimu azizoee, na Direkta anayepita nje azizoee pia, asifungue mlango kwa hasira.

Nyimbo, makofi, zawadi ya biki kwa aliyefanya vizuri, hivyo vyote ni vizuri na mnavijua, sitavikalia.

Sasa nifike kwenye lugha, na hapa najua wazazi wengine watanikatalia. Watoto wetu wanaingia mwaka wa kwanza na Kiswahili cha Lubumbashi mdomoni. Nyumbani wengine wanasema Kibemba, Kisanga, Kiluba, Ciluba, lakini uwanjani wote wanakutana kwenye Kiswahili. Sheria ya elimu ya taifa, namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, inaweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, na hapo hapo inasema lugha za taifa au lugha za mahali zitumike katika kufundisha na kujifunza, na zifundishwe zenyewe kama somo. Kwa hiyo mwalimu wa mwaka wa kwanza anayefundisha kusoma kwa Kiswahili havunji sheria, anaitimiza.

Mzazi ananiambia: Mwalimu, sikumleta mtoto shuleni ajifunze Kiswahili, Kiswahili anacho. Mama, nakuelewa. Unataka Kifaransa kwa sababu umeona milango inayofunguka nacho. Mimi pia nakitaka, tena kizuri, kwa kila mtoto wa Katuba. Lakini fikiria kazi anayopewa mtoto wa miaka sita. Anatakiwa ajue kwamba alama hizi ni sauti, aziunganishe, na zilete maana. Kwa Kiswahili, ma na ji zikikutana ni maji, na maji anayajua, ameyachota asubuhi. Kwa Kifaransa anakutana na neno kama "beaucoup", herufi 8 kwa sauti 4, na maana yake hajawahi kuisikia nyumbani. Kusoma mtu anajifunza mara moja maishani. Akishakuweza katika lugha anayoielewa, anabeba uwezo ule ule kwenda kwenye Kifaransa. Akianzia mahali asipoelewa, anajifunza kukariri wimbo wa sauti, na ukigeuza ukurasa hawezi tena. Hao ndio watoto tunaowakuta mwaka wa tano wanasoma kwa sauti nzuri bila kujua wamesoma nini.

Nilikuwa katika darasa la mwaka wa nne, somo la mimea. Mwalimu aliuliza kwa Kifaransa mmea unahitaji nini ili ukue. Kimya kizito. Akarudia, kimya. Kisha akauliza kwa Kiswahili: mama akipanda mahindi nyuma ya nyumba, yanataka nini ili yazae? Mikono ikajaa. Maji. Jua. Mbolea. Kupalilia. Udongo usiwe wa mchanga mtupu. Mmoja akasema uzio, kwa ajili ya mbuzi wa jirani. Mwalimu akayaandika yote ubaoni, na mbele ya kila neno akaweka la Kifaransa, nao wakayasema, wakayaandika, wakayatumia katika sentensi. Siku ile watoto wale walitoka na maneno mengi ya Kifaransa kuliko siku ambayo lugha nyingine imekatazwa kabisa mlangoni. Wengi wenu mnaikumbuka ile simboli iliyovishwa shingoni mtoto aliyekutwa akisema Kiswahili uwanjani. Iliwafundisha watoto wengi kunyamaza, na kunyamaza huko wengine wamekaa nako mpaka leo, hata kwenye mikutano kama huu.

Tunasema kuuliza si ujinga. Basi mtoto aruhusiwe kuuliza kwa lugha ambayo swali limemjia.

Naomba sasa niwaambie habari ya kichuguu.

Hapa Katanga Mungu ametuwekea kifaa cha kufundishia ambacho nchi nyingi hazina. Vichuguu vyetu vikubwa vinaweza kufika mita 8 kwenda juu na kama mita 15 kwa upana chini. Watafiti waliopima umri wa udongo wake hapa karibu na Lubumbashi, na kuchapisha matokeo mwaka 2015, walikuta kimoja kina zaidi ya miaka 2000. Kilikuwa kimesimama kabla mji huu haujaanzishwa mwaka 1910, kabla wazee wetu hawajaanza kuyeyusha misalaba ya shaba na kuitumia kama fedha. Udongo wake ndio matofali ya nyumba nyingi tunamolala. Mchwa wanaokijenga wanalima kuvu ndani yake, na mvua zikifika ndipo tunachuma uyoga. Na inswa tunazozikaanga, wale mchwa wenye mabawa, zinaruka kutoka kwenye viota vya mchwa.

Mwalimu mmoja wa mwaka wa sita, mama mtulivu sana, katika shule iliyo pembezoni mwa mji, alikuwa na somo la duara: mzunguko, kipenyo, 3.14. Asubuhi ya saa mbili akawatoa watoto nyuma ya shule, penye kichuguu ambacho kila siku walikuwa wakikipanda na kuteleza. Alikuwa na kamba ndefu yenye fundo kila mita 1, na kijiti cha mita 1. Nilifuatana nao.

Kundi la kwanza lilizungusha kamba chini ya kichuguu. Fundo 31 na kipande. Kipande wakakipima kwa rula, sentimita 40. Wakagawanya 31.40 kwa 3.14 wakapata mita 10. Kisha mwalimu akauliza: na kwenda juu, ni mita ngapi? Mvulana mmoja alitaka kukipanda na kamba, akazuiwa. Mwalimu akasimamisha kijiti chini, kivuli chake wakakipima: mita 2. Hakusema kingine, akangoja. Wakaona wenyewe kwamba saa ile kivuli ni mara mbili ya kimo. Wakakimbilia kivuli cha kichuguu. Ncha yake ilikuwa mita 3 kutoka ukingoni. Basi 3 gawanya kwa 2, mita 1 na nusu, wakapiga kelele za ushindi.

Lakini kichuguu kilikuwa mbele yao, na kilimzidi mwalimu zaidi ya mara mbili. Wakatazamana. Wakapima tena kivuli, 3 ile ile. Wakapima kijiti. Wengine wakaanza kulaumiana. Hapo msichana mmoja, ambaye alikuwa anarudia mwaka, akasema kwa Kiswahili, taratibu: "Kivuli kinaanzia ndani. Kinaanzia chini ya kilele, pale hatuwezi kukanyaga." Mwalimu akamwomba aonyeshe. Akachora kwa kidole kwenye vumbi, kilele, chini yake nukta, kutoka nukta mpaka ukingoni nusu ya zile mita 10. Mita 5 na mita 3 ni 8. Nane gawanya kwa 2: mita 4. Darasa zima likageuka kukitazama kichuguu, na ukweli ni kwamba kilionekana kabisa kuwa cha mita 4.

Mwalimu wake aliniambia baadaye kwamba tangu mwaka uanze hakuwa amemsikia msichana huyo akisema neno bila kuitwa.

Wiki ile kazi ziliendelea kutoka kwenye kichuguu kile. Waliandika insha. Walimchora mchwa. Kila mmoja aliagizwa kumwuliza mzee wa nyumbani jambo moja juu ya vichuguu na kulileta. Walipofika kwenye historia, miaka ile 2000 waliiweka kwenye mstari wa nyakati uliochorwa ukuta mzima. Watoto walipigania kuonyesha kaye zao. Hapakuwa na picha ya kununua wala mashine.

Walimu wengine wataona haya ni mageni. Si mageni. Mfaransa Célestin Freinet alirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejeruhiwa mapafu, akapewa shule ya kijiji huko Bar-sur-Loup mwaka 1920. Kusema kwa muda mrefu kulimchosha. Ilimbidi atafute namna ya kufundisha ambayo haitegemei sauti yake. Akawatoa watoto nje, wakatazama mafundi na mashamba, wakarudi kuandika walichokiona, na kuanzia mwaka 1924 wakawa wanakipiga chapa wenyewe kwa mashine ndogo darasani. Mapafu yake yaliponyamaza, watoto walipata nafasi ya kufanya kazi. Nalitaja hilo kwa ajili ya walimu waliomo humu ambao koo linauma kila jioni. Mnasema mno, wenzangu. Gawaneni kazi na watoto.

Nasikia swali ambalo bado halijaulizwa: na mtihani wa taifa wa mwaka wa sita? Wazazi wanataka kuona kurasa za mazoezi zimejaa, na mwalimu anaogopa programu isipomalizika. Sisemi watu waende kichuguuni kila siku. Mara moja kwa mwezi inatosha, siku nyingine ni vibao, jozi, na maswali yenye kungojewa. Mazoezi yawepo, na yawe mengi. Lakini mtoto aliyezungusha kamba kwa mikono yake hababaiki mbele ya karatasi akijiuliza ni namba ipi inagawanywa kwa ipi. Yule aliyenakili kanuni ubaoni hababaiki wiki ile tu.

Kuna na fimbo. Najua inaleta kimya haraka, na najua wazazi wengine wanatuambia "Mwalimu, huyu mchape tu". Kimya cha fimbo ni cha mtoto anayelinda mgongo wake. Akili yake yote iko kwenye mkono wa mwalimu, hakuna iliyobaki kwa somo. Nchi yetu ina sheria ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, na inamlinda dhidi ya ukatili, shuleni pia. Tusitafute njia za kuizunguka. Na kabla ya kumwita mtoto mvivu, tuangalie kama anaona ubao: mpeleke benchi la mbele wiki moja uone. Tuulize kama amekula. Tuulize kama amelala au alikuwa na homa usiku. Mtoto mwenye njaa hata umpe kichuguu chote hatakipima, na hapo mwalimu peke yake hawezi, ni sisi sote na uji wa asubuhi.

Wazazi, nyumbani ninawaomba mambo mawili tu. La kwanza, mbadilishe swali. Badala ya "umejifunza nini?", mwulizeni "leo ulifanya nini darasani?", kisha akufundishe. Hata kama hukusoma, hata kama Kifaransa hukijui, akueleze kwa Kiswahili na wewe umwambie pale usipoelewa. Mtoto anayejua kwamba jioni kuna mtu atakayemsikiliza anakaa darasani kwa namna nyingine.

La pili, mpeni hesabu za kweli za nyumba. Mfuko wa unga wa kilo 25 unaovuka Kasumbalesa kutoka Zambia, mnaununua, mnaupika bukari, unaisha, hamjamshirikisha. Mwambie: kwa siku tunapika kilo 2, mfuko huu utaisha lini? Atakuambia siku 12 na nusu. Mwache aandike ukutani kwa mkaa, mwone pamoja kama ni kweli. Siku wageni wamekuja na unga umeisha mapema, atafute sababu. Bei ikipanda, apige asilimia. Wale mnaouza, mwacheni ahesabu chenji mbele yako, ila arudi shuleni kesho yake. Naomba hilo kwa nguvu zote, kwa sababu nimeona watoto walioanza kwa kuuza maji ya sashe baada ya masomo, wakaishia kuacha masomo na kwenda kuosha mawe ya madini. Aliyekuwa abiria darasani ndiye anayeshuka wa kwanza.

Nilisema nitarudi kwenye vibao. Karatasi moja ya tripleksi, yaani ubao mwembamba wa kubandikwa, ile ya mita 1.22 kwa mita 2.44, ukiikata kwa sentimita 20 kwa 30 unapata vibao 48. Kwa darasa la watoto 90, karatasi 2 zinatosha na vichache vinabaki vya akiba. Inahitajika rangi nyeusi ya ubao, msasa wa kulainisha kingo zisichome watoto, na vipande vya kitenge kikuukuu vya kufutia. Baba mmoja fundi seremala, ambaye watoto wake wanasoma hapa, amekubali kukata bila malipo Jumamosi hii. Komite inatafuta tripleksi. Wamama wenye mabaki ya kitenge wayalete Ijumaa watoto wanapoachiliwa. Tunaanza na mwaka wa kwanza na wa pili, kisha mwaka wa sita, kadiri rangi itakavyotosha. Walimu wa madarasa hayo tubaki dakika chache baada ya mkutano, tuchague somo la Jumatatu na tulifanye pamoja, mimi nitakaa benchi la nyuma.